Mikono inajua, mtihani hauulizi: Kwa nini watoto wa Simiyu waunde mashine darasani

*Mabua ya mtama, boksi tupu za chaki na vifuniko vya madumu vinatosha kumfundisha mtoto uhandisi. Kinachokosekana ni muda na ruhusa.*

Na Mwandishi Wetu

Bariadi. Msimu wa kuuza pamba ukifika, mikokoteni ya ng'ombe hujaa kwenye njia ziendazo kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) mkoani Simiyu. Njia nyingi hukatiza mito ya msimu ambayo wakati huo imebaki mchanga mtupu. Gurudumu likizama hakuna anayeita fundi. Kijana wa miaka kumi na miwili huruka chini, akatafuta gogo, akaweka jiwe karibu na gurudumu, akapitisha gogo juu ya jiwe na kuning'inia upande wa pili. Gurudumu hunyanyuka, ng'ombe wakavuta, safari ikaendelea.

Septemba humkuta kijana wa aina hiyo kwenye chumba cha mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, penseli mkononi, tayari kusiliba herufi ya jibu sahihi. Swali la sayansi likimtaka ataje daraja la wenzo ambao egemeo lake liko kati ya mzigo na jitihada, huenda akabahatisha. Alilikariri Machi, akalisahau Juni.

Gogo lilikuwa wenzo, jiwe lilikuwa egemeo, gurudumu lilikuwa mzigo na uzito wa mwili wake ulikuwa jitihada. Wenzo wa daraja la kwanza ameutumia kwa mikono yake tangu utotoni. Tatizo ni kwamba shuleni hajawahi kukutanishwa na kile anachokijua.

Makala haya yanahusu zoezi moja la darasani linaloweza kuwakutanisha: wanafunzi wa shule ya msingi kuunda mashine ya kupokezana, ambayo kila kipande chake kinasukuma kinachofuata mpaka kazi ifanyike. Zoezi halihitaji maabara wala umeme. Linahitaji mwalimu anayejua anachotafuta na ratiba inayompa nafasi.

Inavyofanya kazi

Mwalimu hutoa kazi moja, tena ndogo: kopo lidondoke kutoka kwenye dawati, bila mkono wa mtu kuligusa. Ugumu uko kwenye sharti la pili: kati ya kuanza na kumaliza, ziwepo hatua zisizopungua tano.

Kikundi kimoja kinaweza kuanza hivi. Gololi inaachwa juu ya bua la mtama lililopasuliwa katikati na kukwanguliwa moyo wake, likawa mfereji. Gololi inateremka na kugonga boksi tupu la chaki lililosimamishwa wima. Boksi linaangukia la pili, la pili linaangukia la tatu. La tatu linatua kwenye ncha ya rula iliyolazwa juu ya kipande cha kuni.

Ncha ya pili ya rula inanyanyuka na kukisukuma kimfuko cha mchanga nje ya ukingo wa dawati. Kimfuko kimefungwa uzi wa pamba uliopita juu ya vifuniko viwili vya madumu, vilivyounganishwa mgongo kwa mgongo na kutobolewa katikati ili vizunguke kwenye msumari. Kimfuko kikishuka, uzi unavutika na kukichomoa kijiti kilichokuwa kikilizuia kopo kwenye kibao kilichoinamishwa. Kopo linateleza, linadondoka, na darasa zima linajua kwamba limedondoka.

Mwalimu wa sayansi akiitazama mashine hiyo ataona sura nzima ya kitabu. Bua ni mteremko, rula ni wenzo, vifuniko vya madumu ni roda. Hizo ni mashine rahisi tatu kati ya sita zinazofundishwa duniani kote. Zilizobaki ni kabari, skrubu na gurudumu na ekseli. Ataona pia nishati tuli ya gololi iliyowekwa juu ikigeuka nishati mwendo, kisha ikihama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, kama kijiti kwenye mbio za kupokezana.

> Sharti la kuwa na hatua nyingi ndilo linalomlazimisha mtoto afikiri. Kopo angeweza kulisukuma kwa kidole.

Wazo lilikotoka

Ughaibuni, mashine za namna hii zimepewa jina la Rube Goldberg, mchoraji wa vibonzo wa Marekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1883. Goldberg alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha California na kuajiriwa kwa muda mfupi kwenye idara ya maji na majitaka ya jiji lake kabla ya kuhamia magazetini. Huko alijulikana kwa michoro ya mitambo iliyozunguka mbali ili kufanya kazi ndogo, kama kumpangusa mtu mdomo wakati wa kula. Mwaka 1948 alipata Tuzo ya Pulitzer kwa kibonzo cha kisiasa.

Walimu waliona ndani ya michoro hiyo kitu cha kufundishia. Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani kiliigeuza kuwa mashindano ya wanafunzi. Nchini Japani, shirika la utangazaji la NHK limekuwa likirusha kipindi cha watoto chenye mashine za aina hiyo tangu mwaka 2002, zikiundwa kwa rula, penseli, vikombe na gololi, vitu ambavyo mtoto anavyo nyumbani.

Lakini kanuni yenyewe haikuhitaji kuletwa Usukumani na meli. Mtego wa kwale unaotegwa na wachungaji ni mashine ya kupokezana iliyokamilika. Fimbo mbichi hukunjwa na kufungwa uzi, na ile hali yake ya kutaka kunyooka ndiyo akiba ya nguvu. Kijiti kidogo huishikilia isifyatuke. Ndege akigusa kijiti, kijiti huponyoka, fimbo hufyatuka, uzi huvutwa, kitanzi hubana. Mtoto anayeutega anajua kwamba kijiti kikikazwa mno ndege hula chambo na kuondoka, na kikilegezwa mno upepo hukifyatua. Huko ndiko kupima na kurekebisha, ambako ni nusu ya kazi ya mhandisi.

Hesabu iliyojificha

Anayeitazama mashine hii kwa haraka huona mchezo. Akikaa karibu ataona hisabati ambayo mtoto anaihitaji papo hapo.

Chukua mashine yenye hatua kumi. Tuseme kila hatua hufaulu mara tisa kati ya kumi, kiwango ambacho mtu yeyote angekiita kizuri. Je, mashine nzima itafaulu mara ngapi? Zidisha tisa ya kumi kwa yenyewe mara kumi: jibu ni takribani asilimia 35. Yaani mashine yenye vipande vizuri tupu itashindwa karibu mara mbili katika kila majaribio matatu.

Wanafunzi hawatahitaji kuambiwa hilo, watalipata. Watajaribu, itakwama kwenye boksi la pili. Watasogeza boksi, itakwama kwenye uzi. Kila mara watalazimika kujibu swali lile lile: imekwama wapi, na kwa nini? Wataanza kujaribu hatua mojamoja peke yake kabla ya kuziunganisha. Mafundi wa viwanda vya kuchambua pamba hufanya hivyo hivyo mtambo unaposimama.

Kuna hesabu nyingine inayowavutia watoto zaidi. Mwaka 1983 mwanafizikia Lorne Whitehead wa Kanada alieleza kwamba kipande kilichosimama wima, mfano wa kete ya dhumna, kinaweza kuangusha kingine kinachokizidi mara moja na nusu kwa kila kipimo. Anza na kipande cha mbao chenye urefu wa sentimita 5. Cha pili kiwe na sentimita 7.5, cha tatu zaidi ya 11, cha nne karibu 17, cha tano 25, cha sita 38. Kidole kimoja kinagusa kidogo kuliko vyote, na kipande kirefu kuliko rula ya darasani kinaanguka. Mtoto aliyekata mbao hizo mwenyewe hatasahau maana ya kuzidisha desimali.

> Hatua kumi, kila moja ikifaulu mara tisa kati ya kumi: mashine nzima hufaulu kwa asilimia 35 tu. Kurekebisha ndilo somo lenyewe.

Mkoa wenye haja

Simiyu ni mkoa kijana. Ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, na una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497.

Mkoa huu unaongoza nchini kwa kuzalisha pamba, lakini unahitaji watu wa kuifanyia kazi pamba hiyo, siyo kuilima tu. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka inapita Malampaka wilayani Maswa. Mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kupitia Busega kwenda miji ya mkoa unahitaji mafundi wa pampu na mabomba kwa miongo ijayo. Vijana wa Maswa walishaonyesha njia walipoanzisha kiwanda cha chaki, enzi za Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka na kaulimbiu yake ya viwanda kwa kila wilaya.

Serikali nayo, kupitia mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, imejipanga kuwa na shule ya sekondari ya wasichana ya sayansi katika kila mkoa kati ya mikoa 26 ya Tanzania Bara. Ni hatua kubwa. Lakini msichana anayeingia kidato cha kwanza akiwa hajawahi kufungua, kufunga wala kurekebisha chochote darasani kwa miaka yote ya msingi anaanza safari akiwa nyuma.

Hoja za wanaosita

Wanaosita kuingiza zoezi hili darasani wana sababu, na sababu zao zinastahili kusikilizwa.

Ya kwanza ni mtihani. Simiyu ilijijengea jina kwa makambi ya kitaaluma, ambako wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa na kufundishwa kwa bidii na walimu waliochaguliwa. Makambi yalisifiwa kwa kuinua ufaulu wa mkoa, na wazazi waliyachangia wakiona matunda. Mwalimu mkuu hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Hakuna anayemuuliza wanafunzi wake wameunda nini.

Ya pili ni idadi. Tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa Januari 2016, watoto wamefurika shuleni, jambo jema lisilo na mjadala. Lakini kiwango cha serikali cha wanafunzi 45 kwa darasa kimebaki ndoto katika shule nyingi za Kanda ya Ziwa. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia na kipindi cha dakika 40 akiambiwa awagawie gololi, ana haki ya kuuliza atawaonaje wote.

Ya tatu ni mfuko wa mzazi. Nchini Kenya, mtaala wa umahiri ulipoanza mwaka 2019 wazazi walilalamika kwamba kila wiki mtoto anatumwa nyumbani na orodha ya vitu vya kununua. Malalamiko yalikua mpaka Rais William Ruto akaunda kikosi kazi cha kupitia mageuzi ya elimu Septemba 2022. Mzazi wa Itilima anayesubiri malipo ya pamba hawezi kubebeshwa orodha kama hiyo.

Ya nne haisemwi kwa sauti: mzazi hakumpeleka mtoto shuleni akacheze. Kwa familia iliyomwachisha mtoto kuchunga ng'ombe ili asome, kumkuta anahangaika na mabua kunaweza kuonekana kama dharau.

Majibu yaliyopo

Hoja ya mtihani ni nzito, lakini ina jibu. Mtoto aliyesimamisha rula juu ya kuni na kuisogeza mpaka ikubali hahitaji kukariri egemeo liko wapi. Mwalimu anayefundisha mashine rahisi kwa vipindi kadhaa vya ubaoni anaweza kutoa viwili kati ya hivyo kwa ajili ya kuunda, mada ikaisha kwa wakati ule ule.

Tena mtaala wenyewe uko upande wa zoezi hili. Neno umahiri limo katika mitaala ya Tanzania tangu mwaka 2005. Mtaala mpya, ulioanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, unasisitiza zaidi kutenda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma mwaka 2025, inaufanya ujuzi kuwa shabaha ya elimu. Mwaka 2027 kundi la kwanza la mtaala huo litamaliza elimu ya msingi likiwa darasa la sita. Miaka ishirini ya kuandika umahiri kwenye karatasi imetosha. Sasa uonekane juu ya dawati.

Hoja ya idadi inapungua ukigawa kazi. Darasa kubwa linaweza kuwa na vikundi kumi, kila kikundi kikiunda hatua moja tu, kisha hatua zote zikaunganishwa kuwa mashine moja inayozunguka chumba. Hapo kila kikundi kinategemea jirani, na wingi wa watoto unageuka kuwa urefu wa mashine.

Hoja ya gharama inajibiwa kwa sharti moja ambalo mwalimu mkuu alisimamie bila kulegeza: hakuna kitu cha kununua. Mabua, vizibo, mawe, uzi, makopo, boksi za chaki na vifuniko vya madumu vinapatikana bure. Vioo, nyembe, sindano na moto vipigwe marufuku.

Na kwa mzazi, jibu bora ni kumwalika aone. Mzazi aliyenasua mkokoteni wake kwa gogo ataitambua rula ile, na mtoto akimweleza egemeo liko wapi atajua kwamba mwanawe anasoma.

> Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alionya dhidi ya shule inayomfundisha mtoto kuamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni.

Fundisho la Magamba

Tanzania ina ushahidi wake kuhusu thamani ya mtoto anayegusa vitu na kuuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba wilayani Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa inakwisha, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyoachwa yapoe kwanza.

Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa mkoani Iringa, alimuuliza swali hilo Dk Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao pamoja katika jarida la fizikia. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu kinachoitwa athari ya Mpemba.

Mpemba aliona alichokiona kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini. Na swali lake liliokoka kwa sababu mtu mzima mmoja alikubali kujaribu kabla ya kukataa. Darasa linalounda mashine huwapa watoto wengi nafasi hiyo kwa siku moja, na humpa mwalimu mazoea ya kusema: tujaribu tuone.

Cha kufanya

Njia ya kuanzia ipo. Chini ya mpango wa mafunzo endelevu kwa walimu kazini, MEWAKA, walimu hukutana shuleni katika jumuiya za kujifunza na kufundishana mada ngumu. Kikao kimoja kinatosha walimu wa sayansi na hisabati waunde mashine wenyewe, waone inavyokwama, ndipo waipeleke darasani. Mwalimu ambaye mashine yake imekwama mbele ya wenzake hataogopa ikikwama mbele ya watoto.

Kila muhula uwe na mashine moja kwa darasa, kuanzia la tatu. Alama zitolewe kwa maelezo ya mtoto kuhusu pale ilipokwama na alivyorekebisha, na ziingie kwenye upimaji endelevu, kwa sababu kisichopewa alama shuleni hufa mapema. Wasichana washike uzi na rula. Kikundi ambacho wavulana wanaunda na msichana anaandika tu kipangwe upya.

Ngazi ya juu ya shule nayo ipo. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanzishwa mwaka 2019, yana kundi la shule za msingi. Viwanja vya Nyakabindi mjini Bariadi vimeshabeba Nanenane ya kitaifa miaka ya 2018, 2019 na 2020. Halmashauri sita za mkoa zikitenga banda moja Nyakabindi kwa mashine za wanafunzi, mkulima atakayekuja kutazama mbegu na matrekta atawaona pia mafundi wa kesho wakieleza kazi zao kwa ufasaha.

Yote haya hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji maofisa elimu wa halmashauri wawaandikie walimu wakuu kwamba vipindi viwili kwa muhula vya watoto kuunda na kurekebisha ni kazi halali ya shule, na kwamba mthibiti ubora akifika na kukuta mabua sakafuni aketi, aulize, asikilize. Watoto wa Simiyu wana ujuzi wa kuanzia. Shule ikiupokea, mkoa huu hautakuwa unaagiza mafundi wake kutoka kwingine.